Kamera ya Mjomba Xavier

Jumatatu, 12 Mei 2025
Muswada wa mchezo wangu umerudi. Aibu tupu. Madame Elvire, anayechagua michezo ya kurekodiwa kule mtaa wa Rohero, anasema vichekesho vipo ila mpangilio hakuna. Hii ni komedi inayojifanya filamu ya habari za kweli, kwa hiyo kila mtu anapokatiza maneno na kutazama kamera, lazima iandikwe kwenye mstari wake, ndani ya mabano. Tena akauliza ni nani ameshika hiyo kamera. Nimpe jina. Mwisho Ijumaa. Nafasi ni moja, na jirani yangu Ingrid anaitaka pia. Yeye ana programu inayopanga kurasa yenyewe. Mimi nabonyeza kitufe kwa kidole mpaka jina la mhusika lifike katikati ya ukurasa.

Jumanne, 13 Mei
Wazo! Mjomba Xavier. Alirekodi karibu harusi zote za mtaa wa Kamenge, akafa mwaka jana. Jumamosi familia inafanya kuganduka, yaani kumaliza msiba wake na kumwacha aende. Mchezo wangu unahusu kamati inayopanga shughuli kama hiyo hiyo. Nimewaibia ndugu zangu maneno yote. Nani mwingine ashike kamera? Nimeandika: MPIGA VIDEO: MAREHEMU XAVIER (HAONEKANI).

Jumatano, 14 Mei
Kamati ya kuganduka ilikaa sebuleni kwetu. Nilijificha nyuma ya daftari. Mama alikuwa anagombana na watu kuhusu bia za wakwe. Katikati ya neno akanyamaza, akatazama pembe ya kabati, akatabasamu kidogo. Kisha akaendelea kugombana. Tante Chanelle, mjane wa Mjomba, akafanya vile vile. Pembeni pale hakuna kitu, mwavuli tu. Nilipouliza, Mama alisema hajatazama kokote. Nikaandika haraka: (ANATAZAMA KAMERA). Mstari umekaa vizuri ajabu.

Alhamisi, 15 Mei
Leo hata mchungaji, aliyekuja kupanga sala. Alinyoosha tai, akaiambia ile pembe kwamba familia hii ina mambo. Hakuna aliyecheka. Nje jua kali, pembeni pale baridi.
Tante Chanelle akanifuata jikoni. Alikuwa amesoma kurasa zangu. Hakukasirika, na hapo ndipo nilipoogopa. Alisema tangu Jumanne anamsikia mumewe chumbani akipanga nyaya zake, kama siku za harusi. “Umutoshe mule, Népo. Mutu hawezi kwenda na bado unamupa kazi.” Niliapa kwa Mungu nitamtoa. Nilimhurumia kweli.

Ijumaa, 16 Mei
Nimejaribu! Nilipofuta jina la Mjomba, kurasa zote ziliruka. Majina yakakimbilia ukingoni, mabano yakabaki matupu. Kazi ya wiki nzima! Ingrid akachungulia dirishani, akauliza kwa upole wa uongo kama nahitaji msaada. Nikasema sihitaji. Nikamrudisha Mjomba mahali pake, na kila kitu kikajipanga, hata mistari ambayo sikuigusa. Sikutaka kuifikiria sana. Nikapeleka Rohero.

Jumamosi, 17 Mei
Kuganduka. Hotuba ndefu, shukrani, vinywaji. Tante Chanelle, katika nguo mpya ya rangi, alinisogelea akauliza kama nilimtoa. Nikasema ndiyo. Akanishika mikono miwili, akalia kwa furaha. Nilijisikia vibaya mpaka nyama ilipoletwa. Na siku nzima hakuna aliyetazama ile pembe. Nimeweka mkono pale, pana joto. Kwa hiyo hakuna aliyeumia.

Jumapili, 18 Mei
Nimeshinda! Madame Elvire amepiga simu, amesifu mpangilio kuliko vichekesho. Ingrid amekuja kunipongeza, sumu mdomoni. Katikati ya pongezi akatazama juu ya bega langu, akatengeneza nywele. Mezani Mama vile vile. Nikigeuka, hakuna mtu. Nikihama kiti, macho yao yanahama nami. Tante Chanelle alipofika alisimama mlangoni, akatazama nyuma yangu muda mrefu, akaondoka bila kunisalimia. Mama anasema amevaa tena nguo za msiba.
Naogopa, sikatai. Shingo yangu imekuwa barafu. Lakini kamera inayomfuata mwandishi mwenyewe, hiyo Ingrid hana! Nimeanza sehemu ya pili. Nimeandika, katikati kabisa: KAMERA NYUMA YA NÉPO. Nimemwomba Mjomba asitikise mkono.