Kinyago Changu Juu, cha Kornelio Chini

Jumatatu, 14 Julai

Kikao cha wachongaji leo bandani. Nimetoka na kichwa kinaniuma.

Mwenyekiti wetu Hamida katangaza utaratibu mpya. Nafasi ya mbele ya banda, ile inayotazama barabara, kuanzia wiki ijayo ni ya mchongaji mwenye oda. Asiye na oda anahamia nyuma. Nyuma! Jirani wa huko ni choo. Mie nafasi ya mbele nimekaa tangu barabara hii ya Temeke ni vumbi tupu. Kila apitaye ananiamkia. Huko nyuma ataniamkia nani, na wanaopita wote wana haraka zao?

Hamida kasema hana ubaya na mie, ila sijapata oda siku nyingi. Akavitazama vidole vyangu. Vimevimba, ndiyo. Lakini ndiyo uvitazame mbele za watu?

Anayeitaka nafasi yangu ni Kornelio. Mchongaji wa juzi tu, anavaa miwani ya plastiki kazini kama mng'oa meno. Kaniambia kwa adabu zote, Babu, kule nyuma kuna kivuli kizuri, utapumzika. Banda zima likacheka. Kupumzika! Nimemwambia nitapumzika nikishamzika yeye. Kaitikia amina.

Ila tumaini lipo. Jumamosi anakuja mama mmoja, Apolonia, anafungua nyumba ya wageni Sinza. Anataka kinyago kikubwa cha mapokezi. Atatazama kazi zetu kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni na kuchagua mchongaji mmoja. Na ukurasa unatunzwa na nani? Na mie! Aliyeutengeneza alipata kazi Mwanza. Siku anaondoka aliuliza nani abaki na nywila, wote wakatazama chini. Nikaichukua. Nimejifunza kwa video za Wahindi wanaoongea kama wanafukuzwa. La saba langu limetosha.

Jambo lenyewe si gumu. Ukurasa una mti na una kiwi. Mti ni maneno na picha. Kiwi ni hii wanayoiita CSS, ndiyo inasema picha iwe kubwa au ndogo, ikae juu au chini, ing'ae au ififie. Mchongaji wa kuelezwa hilo mara mbili nani? Wangapi hapa mjini wanapaka mkangazi kiwi nyeusi wakamwambia mzungu mpingo?

Basi leo nimepaka. Nguzo yangu ya watu, wale waliopandana mabegani hadi juu, nimeiweka ya kwanza. Upana nimepima unaijaza simu yangu sawasawa. Sanamu ya Kornelio, mama anamsuka binti yake, nimeipeleka chini kabisa, ndogo kama stempu. Nimeitazama mara kadhaa. Raha!

Jumanne, 15 Julai

Raha imeisha. Mke wangu Sesilia kafungua ukurasa kwenye kisimu chake. Nguzo imekatwa ubavu mzima wa kulia! Nusu uso, nusu tumbo, mguu mmoja mmoja. Kauliza, Baba Valerian, hawa wamepata ajali gani?

Si hilo tu. Yeye kwenye simu yake kakuza herufi zote, maana miwani hataki kununua. Jina langu, Kasimiri, limekosa nafasi, limekatika. KASI juu, MIRI chini, na hiyo MIRI imemkalia mtu wa tatu usoni. Nimemwambia arudishe herufi ndogo. Kasema macho ni yake, na simu ni yake, na kama naona vibaya nikamtafute mke mwenye simu kubwa.

Nimerudi kwenye video. Kumbe kosa ni kupima kwa pikseli, vile vidoti vya skrini. Mhindi kasema tumia asilimia. Nimeweka upana asilimia mia. Urefu nao asilimia mia, nisionekane bahili. Kwa Sesilia imekubali. Kwangu imekubali. Sesilia hakusifu. Kauliza tu kwa nini cha Kornelio kidogo vile. Nimemwambia simu yake ndiyo mbovu.

Jumatano, 16 Julai

Siku ya laana.

Nimeona nisiamini simu mbili. Nikaenda dukani kwa Hamida, nikaazima yake kwa kusingizia nampigia dada yangu Masasi. Nikafungua ukurasa upesi. Lo! Mstari mweupe umepita kwenye nguzo yangu, kutoka kichwa cha mtu wa juu hadi kiuno cha wa chini. Kama kaka zangu hawa wamechinjwa machinjioni Vingunguti!

Nimerudi nyumbani, nikafuta mistari yote. Kuna agizo linaloondoa mistari ya ukingoni. Nimeliandika kwenye picha. Nikaenda kwa Hamida tena, dada kaumwa ghafla. Mstari upo. Nikaliandika ukurasa mzima. Nikaenda tena, dada kazidiwa. Mstari upo. Nikaweka neno la kulazimisha, important, lile linaloanza na alama ya mshangao. Neno hilo ni sawa na kupiga meza mkutanoni, wote lazima wanyamaze. Nikaenda tena. Hamida keshaanza kunipa pole ya msiba. Mstari upo!

Nikaupitisha kidole. Kidole kikakwaruza.

Kioo cha simu kimepasuka.

Hamida kasema kilipasuka mwaka jana kilipoangukiwa na mtungi wa gesi, kwani nilidhani nini? Nikasema sikudhani kitu. Basi nimeua mistari ya ukurasa mzima bure. Jedwali la bei limekuwa uji. Kitufe cha kutupigia simu hakijulikani tena kuwa ni kitufe, kinaelea tu kama neno lililosahauliwa. Hamida kauliza kulikoni. Nimesema ndiyo fasheni.

Kuirudisha imeshindikana, neno la kulazimisha linapiga meza hata ninapoongea mie mwenyewe. Acha iwe. Apolonia haji kutazama mistari.

Alhamisi, 17 Julai

Leo Kornelio kanifuata mwenyewe, na simu yake ile yenye nembo ya tunda. Kaniamkia kwanza, shikamoo Babu, halafu akanionyesha ukurasa. Nguzo yangu imebanwa kutoka juu. Wale watu wembamba niliowachonga kwa miaka ya mikono mizuri, wote wamenenepa, mashavu yamewatoka, wamelaliana kama magunia ya mkaa. Kauliza, Babu, hawa umewalisha nini? Wenzake wakaja kuchungulia. Mmoja kasema ni kamati ya harusi imetoka kula.

Kwangu haiko hivyo. Kwa Sesilia haiko hivyo. Kumbe kila brauza ina akili yake, unaiambia asilimia mia, moja inasikia hivi, nyingine vile. Sawasawa na wanakikao.

Uchungu wangu ni mmoja. Nguzo ile ndiyo kazi ya mwisho niliyoitoa kwenye gogo moja bila kuunga. Patasi ilikuwaga inanisikiliza. Sasa naishika, inacheza. Halafu mtu anakuja kuniuliza nimeilisha nini.

Kornelio naye akasema, kwa ule upole wake wa kuudhi, kuwa sanamu yake haioni. Katafuta hadi chini, kaona kitu kama stempu. Nikamwambia sanamu za watu wanyenyekevu hukaa chini. Kacheka. Kasema haya Babu.

Mchana mzima kwenye video. Nimepata dawa. Lipo agizo linaifanya picha ijaze skrini yote bila kunenepa, inayozidi inakatwa pembeni. Nimeliweka. Nikamwita Kornelio arudi na simu yake. Safi! Watu wangu wamekonda. Nguzo imesimama wima kwenye simu iliyosimama wima.

Sasa ishu ni moja tu. Stempu. Keshaiona. Akilalamika kwa Hamida nimekwisha.

Ijumaa, 18 Julai

Akili imenijia nikiwa nanyoa ndevu.

Kwa nini nimpunguze Kornelio? Mtu aliyepunguzwa analalamika. Aliyetoweka je? Naye akilalamika nitasema ni mtandao!

Ugumu ni Hamida. Kila Jumamosi asubuhi hukagua ukurasa kwenye kompyuta ya dukani kwake, kama mwalimu wa zamu. Akikosa jina la mwanachama, kelele. Lakini CSS ina unafiki wake mtamu. Unaweza kuiambia, ukiwa kwenye skrini pana fanya hivi, ukiwa kwenye skrini nyembamba fanya vile. Kompyuta ya Hamida ni pana. Atawaona wote, Kornelio yumo. Simu ya Apolonia ni nyembamba. Kornelio hayumo!

Nimeandika mwenyewe bila Mhindi. Skrini ikiwa nyembamba, mama anayesuka asionekane. Agizo la kuifanya stempu nimelifuta, la nini tena? Mtu asiyekuwepo hapimwi.

Nimejaribu kwangu, hayupo. Nimejaribu kwa Sesilia, hayupo. Sesilia kauliza yule mama na binti yake wamekwenda wapi. Nimesema wamemaliza kusuka. Kasema, Baba Valerian, mie simo.

Nimepiga pasi shati la kanisani.

Jumamosi, 19 Julai

Andika, Kasimiri, hata kama mkono hautaki.

Asubuhi Hamida kakagua kwa kompyuta. Kawaona wote. Kanisifu! Apolonia kaja na mkoba wa ngozi, mama mpole, mwenyeji wa Bukoba. Kaketi mbele, kwenye kiti changu. Katoa simu. Kaifungua wima.

Nguzo yangu! Jina langu! Kasema lo, Mzee, hii ni kazi. Kauliza nilitumia gogo gani. Nikamwambia mpingo wa Nachingwea, na hapo sikudanganya. Hamida alinitazama kama alivyokuwa akinitazama zamani. Kornelio alisimama nyuma ya kiti, akirefusha shingo. Apolonia akasukuma kidole chini, akapita wote, akafika mwisho. Kornelio hayupo. Kornelio akafungua mdomo. Mie nikakohoa.

Ingeishia hapo! Apolonia akarudi juu. Kasema hizi nyuso anataka azione vizuri zaidi. Halafu akafanya kitu ambacho binadamu yeyote mwenye simu angefanya na mie sikukiwaza hata mara moja.

Akailaza simu.

Skrini ikapanuka. Nguzo ikatii amri yangu, ikajaza skrini yote na kukata iliyozidi. Iliyozidi ni vichwa. Iliyozidi ni miguu. Kilichobaki, kuanzia ukingo huu hadi ule, ni matako ya mtu wa katikati. Peke yake. Yaking'aa.

Apolonia akaisogeza simu machoni. Halafu akasema, Mzee, huyu mbona kanipa kisogo chake cha chini?

Akasukuma kidole haraka kukimbia pale. Akafika mwisho. Na mwisho sasa yupo mama anayesuka! Skrini imelala, imekuwa pana, Kornelio karudi. Tena si stempu. Picha nzima, imejaa sawasawa, kama skrini ilitengenezwa kwa ajili yake. Apolonia akasimamisha simu. Kornelio akatoweka. Akalaza. Akatokea. Akasimamisha. Akatoweka. Akacheka kama mtoto aliyepewa tochi.

Hamida akauliza ni nani anafanya hivi. Nikasema mtandao. Kornelio akasema, Babu, mtandao wa Temeke unanijua mie kwa jina?

Nikainama kuokota patasi ambayo haikuanguka.

Apolonia akaomba kuiona sanamu yenyewe. Kornelio akaileta, akaifunua kitambaa. Wote wakasogea. Nami nikasogea, macho hayana pazia. Vidole vya yule mama vimeingia kwenye nywele za binti, unaona kabisa kuwa anamvuta na binti anaumia na hasemi. Vidole vile. Mie hata enzi zangu... Sisemi kitu.

Apolonia kasema huyu aliyefichwa ndiye anayemtaka. Kanishika bega akinipa pole. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 20 Julai

Sikwenda misa. Nimehama.

Kornelio kaja kunisaidia kubeba benchi. Kashika upande mzito. Nilitaka akunje uso, nilitaka aseme hata neno moja baya nilikamate. Hakusema. Huo ndio ubaya wa Kornelio.

Nyuma kuna kivuli kweli. Kuna na harufu. Wamepita watu wanne, wamenipita mbio, wa tano kaniuliza kama kuna mtu ndani. Nimemjibu sina ufunguo wa habari hiyo. Hakuna aliyesema shikamoo. Wakitoka pia hawasemi, wanaona haya.

Sesilia kaniletea chai hadi huku. Kakaa nami mpaka nikamaliza. Hakusema alinionya. Na hakunionya, alisema hayumo tu, si kitu kimoja.

Jumatatu, 21 Julai

Kikao. Nimeomba radhi mbele ya wote. Nimesema nimekosa, nimejifunza, sitarudia. Sauti ilitetemeka vizuri tu.

Hamida kaagiza picha zote ziwe sawa kwa ukubwa, na nywila nimkabidhi mwingine. Kauliza nani ataitunza. Wote wakatazama chini. Kamgeukia Kornelio. Kornelio kasema sasa ana oda, hana muda. Hamida akashusha pumzi ndefu. Nywila imebaki kwangu.

Nimekuja huku nyuma, nimetii. Wote sawa, kama wanafunzi mstarini. Kornelio yupo, wima yupo, amelala yupo. Hakuna atakayenidai neno.

Ila mteja akija bandani anaingilia mbele, anakutana na Kornelio, anaishia hapo. Hii ni haki? Nimeongeza mstari mmoja tu juu ya ukurasa, mwekundu, herufi kubwa, na neno la kulazimisha nimelipiga mara mbili: WATEJA WOTE MLANGO UKO NYUMA, ZUNGUKA.

Nimeutazama kwenye simu yangu. Unasomeka vizuri kabisa. Nimepangusa benchi la wageni.