Kinu cha Mama Kimevuka Ua

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Nimetukanwa. Na mtu wa damu yangu!

Kiilu, gadi wa gari la mizigo, ameshuka leo stesheni na salamu za mdomo kutoka Mbooni. Mama Mkubwa Syokau, dada mkubwa wa marehemu mamangu, anafika Jumamosi. Anataka kula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, uliotwangwa kwenye kinu cha dada yake. Akikuta kinu kimelala, yaani hakitwangiwi tena, atakipakia kwenye gari la moshi akirudishe Ukambani, kwa nyumba inayokijali.

Kunyang'anywa kinu! Mimi, Nzioka, karani wa bohari ya mizigo na katibu wa chama cha Wakamba wa Voi! Kinu hicho Mama alikibeba mgongoni kutoka Mbooni alipomfuata Baba kwenye kazi ya reli. Aliacha vyungu, akaacha mbuzi, kinu hakukiacha. Ndicho kitu pekee cha kwao nilichobaki nacho. Kikiondoka nitakuwa nani? Mtu wa Voi tu, kama vumbi.

Nimekwenda kukitazama nyuma ya nyumba. Kuku wa Elsie analalia mayai ndani yake.

Elsie ni mke wangu, mzaliwa wa Taveta, mtu wa ndizi. Nimemuuliza kwa upole (sauti ilipanda kidogo tu) kwa nini hajui kupika muthokoi. Amejibu kwamba hakuna aliyemfundisha. Alipoolewa, Mama alikuwa ameshafariki. Kisha akasema amesikia kwamba Mama alikuwa akitwangia uani kwa jirani yetu Wakesho, wakipiga soga mchana kutwa. Kwa Wakesho! Mtaita wa Mbololo! Upuuzi mtupu.

Jumanne, 7 Agosti

Wake za Wakamba wenzangu wako tele hapa Voi. Ningeweza kuwauliza. Siwezi! Kwenye mkutano wa Mei ni mimi niliyesimama nikasema kwamba nyumba ya Mkamba isiyopika muthokoi kila wiki itozwe faini ya kuku. Walipiga makofi. Hata Kiilu, ambaye nilimtaja kwa jina kuwa mkosaji. Leo niende nikaulize mahindi hukobolewaje? Nitachekwa mpaka stesheni ya Mtito Andei.

Basi nitatwanga mwenyewe. Kitu kilicho kwenye damu hakihitaji mwalimu.

Nimemhamisha kuku. Amenidonoa vidole ninavyoandikia. Nikaingiza kinu jikoni, nikafunga mlango, maana mwanamume akionekana na mchi mkononi, jina limekwisha. Nikamwaga mahindi makavu, nikatwanga kwa nguvu zangu zote. Ganda lilipaswa kutoka, punje ibaki nzima. Ganda halikutoka. Punje zimekuwa chenga na unga, na kila chenga imeshikilia kipande chake cha ganda. Elsie amekusanya akapika uji. Amesema ni uji mzuri. Nani alimuuliza?

Mwandawiro, mume wa Wakesho, akasikia mshindo, akachungulia juu ya ua akauliza nafanya nini. Nikasema napigilia msumari. Akauliza ni msumari wa ukubwa gani. Mtu huyu hana adabu.

Jumatano, 8 Agosti

Magadi! Kwa nini sikufikiri mapema? Ikiwa yanalainisha maharagwe, ganda la mahindi litayashinda?

Nimeloweka mahindi kabla ya kwenda kazini, nikatia magadi kwa ukarimu. Jioni nikakuta maganda yametoka. Yametoka kweli! Nilipiga kelele za ushindi hadi Elsie akadhani nimeungua. Kisha nikaonja. Sabuni. Mahindi ya manjano, yanateleza, yana ladha ya sabuni ya kufulia.

Nimempa kuku. Amenitazama, akaenda zake. Sasa hata kuku ananidharau katika nyumba ninayoilinda kwa jasho langu.

Alhamisi, 9 Agosti

Nimeibiwa! Nimegundua wizi mkubwa!

Nilikuwa narudi kutoka kazini, harufu ikanikuta njiani. Miguu ikasimama yenyewe. Haikuwa harufu ya muthokoi wa mtu yeyote tu. Ilikuwa ya muthokoi wa Mama. Mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, na kile kitu kitamu cha mwisho ambacho sikuwahi kujua jina lake. Nilimtamani Mama pale pale barabarani, mtu mzima mimi, na kofia ya kazi kichwani.

Nikaifuata. Inatoka kwa Wakesho!

Nimechungulia kwenye tundu la ua. Sufuria moja ilikuwa jikoni imekwisha kuiva, naye alikuwa akitwanga mahindi mengine. Anachovya vidole kwenye maji, anayanyunyizia mahindi kidogo tu, ndipo anatwanga, taratibu, bila hasira. Anapepeta kwenye ungo. Maganda yanaruka, punje zinabaki nzima, nyeupe. Maji kidogo! Jambo dogo namna hiyo, na hakuna aliyeniambia! Kisha akaigeukia sufuria, akaponda viazi vitamu vya kwao, akavikoroga humo humo, vile Wataita wanavyoponda kimanga, chakula chao cha viazi na maharagwe.

Kwanza ametuibia muthokoi, kisha ameuchafua kwa viazi. Mama asingekubali kamwe. Nilikasirika hata mate yakanijaa mdomoni. Yalikuwa mate ya hasira.

Ijumaa, 10 Agosti

Mpango nimeupata. Mwizi huibiwa bila dhambi.

Nimemwendea Wakesho, nikamwita shemeji kwa sauti laini. Nikamwambia wazee wa kanisa wanataka kuonja chakula cha majirani, kwa hiyo kesho apike muthokoi sufuria kubwa, nami nitaupeleka. Mama Mkubwa atakula akidhani kapika Elsie. Kinu kitabaki. Mtaita hatajua kitu.

Wakesho hakuuliza ni wazee gani. Alikubali haraka mno. Akasema tu kwamba kinu chake kimepasuka, nimletee kile cha Mumbe. Akalitaja jina la mamangu hivyo hivyo, kama mtu anayemtaja dada yake! Nimeudhika sana, lakini nilitabasamu.

Jioni nimekipitisha kinu kwenye pengo la ua, nimekifunika blanketi watu wasione. Mwandawiro alisimama, akavua kofia, akauliza ni nani aliyefariki.

Jumamosi, 11 Agosti

Mambo yameharibika. Naandika hivyo hivyo.

Mama Mkubwa ameshuka stesheni na fimbo yake. Hata hajaketi, akauliza kinu kiko wapi. Nikasema kimeoshwa, kinakauka mahali pazuri, ale kwanza. Elsie alikuwa anatazama ukuta.

Sufuria ya Wakesho ilikuwa imeshapita pengoni. Nikampakulia Mama Mkubwa mwenyewe. Akala kijiko kimoja. Akakiweka chini. Akasema kwao Mbooni hakuna mtu anayetia viazi vitamu kwenye muthokoi, na hajawahi kuwapo.

Nikaanza kueleza kwamba ni makosa ya majirani, ni Wataita, wanaharibu kila kitu. Nikaona analia.

Akasimulia. Mama aliporudi Mbooni kumzika mama yao, aliwapikia dada zake muthokoi wa namna hii. Wakamcheka. Wakamwambia amekwenda kwa watu akageuka Mtaita. Mama aliosha sufuria, akapanda gari la moshi, na hakurudi tena. Mama Mkubwa akasema siku ile alikula sahani nzima huku akicheka, na tangu siku ile amekuwa akiitafuta ladha hiyo, hata Mbooni hakuna anayeijua. Alikuja kuitafuta hapa kabla hajafa. Akaomba kuishika mikono iliyotwanga.

Nikasema ni ya Elsie. Akaishika mikono ya Elsie, akaigeuza. Laini. Akanitazama mimi.

Na hapo, ng'ambo ya ua: du, du, du! Wakesho alikuwa ameanza kutwanga mahindi ya Jumapili. Katika kinu chetu! Mchana huu huu! Hakuweza kungoja?

Mama Mkubwa akainua kichwa. Sauti ya kinu kile alikua akiisikia, kilikuwa cha mama yao. Akachukua fimbo, akapita pengoni bila kuaga. Nikabaki na sufuria. Nimeimaliza, kwa uchungu.

Jumapili, 12 Agosti

Dhuluma!

Mama Mkubwa alilala kwa Wakesho. Mgeni wangu! Wamesimuliana habari za Mama hadi wakapoteza sauti. Kumbe Mama alipofika Voi, mbali na Baba, hakuwa na mtu wala lugha. Wakesho alimfungulia ua, akamletea viazi wakati wa njaa, naye Mama akamwonyesha kutwanga. Muthokoi ule waliutunga wawili. Mambo haya yote yametendeka mita chache kutoka kitandani kwangu, na mimi katibu sikuarifiwa!

Baada ya kanisa, uamuzi. Kinu hakijalala, kwa hiyo hakiendi Mbooni. Nilishukuru kwa sauti. Mama Mkubwa akasema nisubiri. Kinu hukaa panapotwangwa. Kitakaa kwa Wakesho, na Elsie atakwenda huko kujifunza. Mimi ninaruhusiwa kukitembelea.

Kukitembelea!

Nikamkumbusha kwamba Wakesho ni Mtaita. Akasema hata Mama walimwita hivyo. Akapanda gari la jioni amebeba viazi vitamu vya Mbololo mapajani, hakukubali niviweke juu penye mizigo. Mwandawiro amenifariji. Amesema siku nikiwa na msumari mwingine, nipite tu.

Jumatano, 15 Agosti

Mkutano wa chama. Nimesimama, nimezungumza kirefu. Nimesema muthokoi halisi wa Kikamba tangu zama za mababu hutiwa viazi vitamu, na nyumba isiyotia itozwe faini ya kuku wawili. Kiilu akauliza nimeyajulia wapi. Nikasema yako kwenye damu.

Nimerudi nyumbani. Elsie, ambaye siku hizi yuko kwa Wakesho kutwa, ameniandalia muthokoi wake wa kwanza. Nikala sahani mbili. Nikamwambia huu sasa ndio wa Mama hasa, safi, wa Mbooni, haujachanganywa na chochote cha kigeni. Elsie alicheka mpaka akashika ukuta. Viazi vilikuwa vimekwisha. Ameponda ndizi za kwao, zimekuja jana na gari la Taveta.

Ndizi! Katika chakula cha mamangu! Nimeongeza sahani ya tatu ili nipate uhakika wa kosa.

Haya yote yametokea kwa sababu kinu kiko mikononi mwa wageni. Jumamosi Wakesho na Mwandawiro wanakwenda Mbololo, na pengo la ua liko wazi. Nina mpango. Nimeshamwomba Elsie blanketi.