Malalamiko Kuhusu Mwanangu Kuanza Kuwahi Shule

Mikidadi Kaimu,
Mkotokuyana, Nachingwea.
Katikati ya msimu wa korosho.

Kwa Mkuu wa Shule yetu ya Sekondari,
Mwalimu Maximilian.

YAH: MWANAFUNZI HAJRA MIKIDADI, KIDATO CHA NNE, KUACHA KUCHELEWA

Mheshimiwa Mwalimu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na naomba ukae vizuri kitini kwanza, maana jambo lenyewe ni zito. Mimi si mzazi mkorofi. Kikao cha wazazi nahudhuria, na siku ile upepo ulipoezua darasa nilibeba mabati kichwani kutoka barabarani bila kuuliza posho. Kwa hiyo ukiniona nalalamika, ujue nimeshikwa pabaya.

Unafahamu kwamba binti yangu Hajra alikuwa anachelewa shule. Alichelewa kwa utulivu na kwa heshima, kila msimu, tangu kidato cha kwanza. Korosho hudondoka usiku, na asiyewahi kuziokota alfajiri huokotewa na wengine. Basi mimi na Hajra tulikuwa tunatoka na umande, tunaokota, tunanyofoa korosho kwenye mabibo, halafu yeye anavaa sare anakwenda kuchelewa. Huko shuleni alichapwa viboko vyake au alifyeka uwanja, huku nyumbani korosho ziko guniani, na kila upande ulikuwa umetimiza wajibu wake.

Ndipo ulipotuletea Mwalimu Kornelia wa ushauri nasaha. Fimbo zikawekwa kabatini. Siku hizi mchelewaji anaitwa ofisini, anapewa kiti, anamiminiwa maji ya kunywa, na anaulizwa kwa upole ni kitu gani kinamchelewesha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Mtoto aliulizwa, akajibu. Fimbo, Mwalimu, ilikuwa na adabu moja kubwa: haikuuliza maswali. Hajra amesema kinachomchelewesha ni baba yake. Sikatai kwamba ni kweli. Ninacholalamikia ni kusemwa.

2. Mwalimu Kornelia alikuja nyumbani kwangu kwa baiskeli, bila barua ya wito, bila mgambo. Mimi nimezoea walimu wanaokuja kugomba, na ugomvi wangu nilikuwa nimeuandaa tangu asubuhi, tena mzuri. Yeye akakaa mkekani na mama Hajra, akasaidia kupepeta ufuta, akanywa uji, kisha akaniuliza hali. Nikasema nzuri. Mtu wa kawaida hapo angeendelea na safari yake. Yeye alinyamaza, akasubiri. Kimya kikawa kirefu mno, nikajikuta namweleza habari za mgongo wangu, habari ambazo hata daktari wa misheni sijawahi kumwambia. Alipoondoka nikagundua nimeshakubali Hajra awe anawahi. Mpaka leo sijui nilikubali saa ngapi.

3. Ugonjwa umeingia ndani. Zamani nikichelewa kurudi kutoka kwenye bao, mama Hajra alikuwa ananifokea, nafoka kidogo na mimi, tunalala. Sasa ananitengea chakula, anakaa mbele yangu, anauliza nakimbia nini hapa nyumbani. Mwalimu, sikimbii kitu. Nilikuwa nacheza bao. Hivi sasa narudi kabla ya magharibi, si kwa kupenda, ila nimechoka kueleweka.

4. Msikitini nako hakujasalimika. Muadhini wetu, Salimu, alikuwa na kawaida ya kuchelewesha adhana ya alfajiri, na wazee tukapanga siku moja tumkaripie ipasavyo. Mzee Bilali, ambaye mjukuu wake ni mteja wa Mwalimu Kornelia, akasema kwanza tumsikilize anapitia nini. Tulimsikiliza mpaka jua likatoka. Kumbe mke wake amejifungua mapacha na yeye ndiye anayewabembeleza. Wamama wakaanza kupokezana kwenda kumsaidia. Sasa Salimu anaadhini kwa wakati, na sisi tuliokuwa tunaegemea uchelewaji wake kupata usingizi kidogo, hakuna aliyetuuliza tunajisikiaje.

5. Sasa mambo yamevuka mpaka wa wilaya. Dada yangu Raudha ameolewa Malolo, huko Ruangwa. Alikuja kwangu wakati wa palizi na akachelewa kurudi kwa mume wake. Shemeji yangu Mustafa, mtu mkali, alikuwa amejiandaa kuja na wazee kudai mke. Akasikia kwamba Nachingwea tuna mwalimu anayetibu uchelewaji, akaja peke yake na kuku mkononi, akaomba mke wake atibiwe. Mwalimu Kornelia aliwakalisha wote wawili. Ikaonekana mgonjwa ni Mustafa. Shemeji alirudi Malolo amejitwisha mzigo wa mke wake kichwani mwake mwenyewe, mchana kweupe, watu wanaona. Anasema anajisikia mwepesi. Heshima ya wanaume wa mikoa ya kusini, Mwalimu, inakwenda wapi?

Kwa hiyo naomba ofisi yako ifanye lolote kati ya haya. Fimbo zitoke kabatini, angalau mpaka msimu uishe. Hilo likishindikana, Hajra apewe nasaha za kuchelewa, kwa kuwa nimeona mtoto huyu akishauriwa anafuata. Na hilo nalo likishindikana, basi Mwalimu Kornelia aje shambani azungumze na mikorosho yenyewe. Aiulize kwa upole kwa nini inadondosha usiku, anyamaze, asubiri. Kwa nilivyomwona, itakubali.

Wasalimie walimu wote, wapishi wa shule, na viranja. Msalimie sana mlinzi Felisian, aliyekuwa anamfungulia Hajra geti kila siku kengele ikishapigwa, na ambaye nasikia siku hizi hana wa kupiga naye stori.

Ni mimi mzazi mwenzako, mwenye hasira lakini mwenye adabu,

Mikidadi Kaimu

Nyongeza: Kuna jambo sikuliandika hapo juu. Siku ile Mwalimu Kornelia alipokuwa anapanda baiskeli yake aliniuliza naogopa nini. Nilijifanya nafukuza kuku. Mpe jibu hili, na Hajra asilisikie. Korosho zenyewe mwaka huu ni chache. Naziokota peke yangu na zinaisha mapema, halafu nakaa tu pale. Kaka zake wawili walifaulu, wakapangiwa shule za mbali, wakapata kazi hukohuko, na sasa tunasikiana Idi kwa Idi. Hajra ndiye wa mwisho. Tulipokuwa tunaokota alikuwa ananieleza habari zake zote, za masomo, za rafiki zake, za kutaka kuwa mkunga, na mimi nilikuwa nanyofoa polepole ili tusimalize. Walimu wote wanasema binti ana akili. Ninachoogopa ni kwamba atafaulu. Mtihani unaanza Jumatatu. Nitamleta mwenyewe, na tutakuwa wa kwanza kufika.