Kamusi ya Tabaka Saba

Jumatatu, 3 Machi

Imetangazwa rasmi. Jumba hili la maigizo litaajiri fundi wa sauti mmoja tu, naye atachaguliwa Ijumaa. Tunaoshindana ni mimi na binti mmoja tuliye naye katika majaribio ya kazi, ninayemwita Sikio kwa kuwa huvaa hedifoni upande mmoja na kuuacha wa pili ukusanye umbea. Sina wasiwasi. Nina shahada. Yeye pia anayo, lakini hajui kuitumia katika mazungumzo.

Kazi yenyewe: kupanga muziki wote wa mchezo katika programu ya muziki ya kuchora, ambamo huandiki amri, bali unaweka visanduku kwenye kioo cha kompyuta na kuviunganisha kwa nyuzi. Noti hukaa ndani ya kitu kiitwacho kamusi: unataja jina la wimbo, nayo inakupa sauti zake. Sikio ametengeneza ya tabaka mbili. Kibanda. Yangu ina tabaka saba, kamusi ndani ya kamusi ndani ya kamusi, mfano wa kitunguu. Mkurugenzi aliuliza tabaka zote hizo ni za nini. Nilimfafanulia kwa kirefu. Alitazama saa yake mara kwa mara, bila shaka akipima kina cha hoja.

Nyumbani, dada amewaambia majirani kwamba ninaandika kamusi. Sikumsahihisha. Mumewe akanikumbusha kuwa mtoto wao amekua na anakihitaji chumba ninacholala. Nikamjibu kuwa mwajiriwa hupanga nyumba yake mwenyewe. Subira tu, hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Machi

Fedheha ndogo. Maombolezo ya onyesho la pili ni sauti tatu zinazopaswa kulia kwa pamoja. Nilizifunga vema, orodha ndani ya orodha. Njiani, uzi mmoja ukazivua maganda yote, zikatoka mojamoja kama kuku anayedonoa bati. Mkurugenzi alisema marehemu anasikika kama anabisha hodi. Waigizaji walicheka kupita kiasi cha mshahara wao.

Sikio akaniinamia. "Kaka, punguza matumbo. Hiyo kamusi itashindwa kujifungua." Nikamweleza kwamba urahisi ni kimbilio la wavivu. Akasema haya, akaendelea kumenya chungwa lake. Mchana kutwa nilirekebisha. Sasa inalia ipasavyo.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya hekima. Sikio ameniomba noti za nyimbo, kwa kuwa mimi ndiye niliyezichapa zote. Kompyuta ni moja, tunapokezana. Mtu mdogo angekataa. Mimi nilivuta uzi kutoka kamusi yangu hadi kisanduku chake, nikakiandika "nakala". Akasema, "Mungu akuzidishie, kaka." Nilijisikia vibaya. Baadaye nikapona.

Alipokwenda kupumzika, nikaifungua ile nakala. Nikateremka tabaka kwa tabaka hadi kiini. Penye maombolezo nikaweka ngoma ya harusi. Mahali pengine popote sikugusa. Mimi si katili. Kamusi yangu ya asili iko salama, yake itamwaibisha mbele ya mkurugenzi. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.

Alhamisi, 6 Machi

Ninaandika kwa shida.

Leo tulijaribiwa mbele ya mkurugenzi, nami nilidai nitangulie. Mwigizaji wa mjane akajitupa juu ya jeneza, akalia machozi ya kweli. Nikabofya. Ukumbi ukafurika ngoma ya harusi, pamoja na vigelegele. Mjane ni mtaalamu: mabega yake yalikwisha kuanza kucheza kabla hajakumbuka kuwa amefiwa. Marehemu alicheka hadi kifuniko kikateleza.

Mkurugenzi akauliza kulikoni. Nikasema ni umeme. Sikio akasogea, akachungulia kioo, akaeleza kwa ule upole wake unaoudhi kwamba uzi haubebi kamusi. Unabeba jina lake tu. Nilichokiita nakala kilikuwa mlango wa pili wa nyumba ileile. Aliyevunja vyombo kwa kupitia uani asishangae kukuta sebuleni kuna vigae.

Ikafika zamu yake. Maombolezo yakatoka safi. Hata fundi wa taa alipangusa macho. Hapo nikakosea, nikauliza kwa sauti ilikuwaje ya kwake ikasalimika.

"Nguo ya kuazima haisitiri matako, kaka. Ulipounganisha tu, nikazinakili noti, nikajishonea yangu."

Walicheka hadi walioko jikoni. Mkurugenzi hakucheka. Alimwuliza Sikio ni nani aliyeiingiza ngoma ya harusi. Akajibu kwamba hajui. Alijua. Hilo sitamsamehe.

Ijumaa, 7 Machi

Sikio ameajiriwa. Mkurugenzi aliniambia nina kipaji kitakachofaa mahali penye watu wachache. Nilimshukuru rasmi.

Sikio alinifuata mlangoni. Alisema, nikipenda, atanionyesha namna ya kunakili kamusi yote na kuibeba, kazi ya dakika moja. Nikamjulisha kwamba sipokei hisani.

Nyumbani dada alizisikia habari. Alikunja shuka zangu tu, taratibu, kona kwa kona. Aliyesema ni mumewe. "Shemeji, katika hiyo kamusi yako, neno kuhama limo?"

Jumamosi, 8 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Tatizo halikuwa mimi. Tabaka saba zilikuwa chache kwa fikra zangu.

Nimeandika maombi kwa jumba jingine la maigizo, kubwa kuliko lile na lisilo na wivu. Barua ni ndefu, lugha imenyooka. Dada ameniachia chumba hadi majibu yatakapofika, na amesema hataniombea tena kwa mumewe. Nimeambatisha kazi yangu bora kuwa ushahidi. Kamusi yenyewe imebaki kwenye kompyuta ya kule nilikotoka, lakini hilo halina uzito: nimewatumia kisanduku, na jina la kamusi limeandikwa juu yake kwa herufi kubwa. Wakibofya tu, watasikia kila kitu.