Raba Nyekundu Zenye Mabawa

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeteleza mbele ya kiwanda kizima. Si kuteleza kule kwa kawaida, unayumba kidogo halafu unajifanya ulikusudia. Nilianzia katikati ya uwanja, nikapita chini ya kikapu, nikavuka mstari wa mwisho, nikasimamishwa na ndoo ya maji ya kunywa. Ndoo ilimwagika yote. Kocha akaniuliza kama nilikuwa na kiu.

Kiwanda chetu kinatengeneza rangi. Jumamosi timu yetu inacheza mpira wa kikapu na watu wa kiwanda cha mikate, ambao mwaka jana walitufunga mpaka tukaacha kuhesabu. Tunacheza kwenye ukumbi wetu wa nyuma. Sakafu yake ni saruji iliyopakwa rangi ya mafuta, inang'aa kama sahani iliyotoka kuoshwa. Rangi hiyo niliichanganya mimi. Hakuna anayenishukuru.

Kocha, ambaye siku za kazi ni fundi umeme, amesema soli zangu zimelika kama kipande cha sabuni. Ninunue raba zinazoshika sakafu, la sivyo Jumamosi nitalinda chupa za maji. Shemeji yangu alicheka mpaka akakaa chini. Huyu ni kaka wa mke wangu, dereva wa lori la kiwanda na nahodha wa timu. Yote mawili anayafanya vizuri. Inachosha.

Ningevumilia. Lakini jioni mke wangu kanikumbusha kwamba mama yake anakuja Alhamisi, na Jumamosi atakuwa ukumbini. Anakuja kunitazama mimi, si mwanawe. Kwenye simu nimekuwa nikimwambia mama mkwe kwamba mimi ndiye nguzo ya timu.

Nguzo haitelezi. Kesho dukani.

Jumanne, 4 Juni

Nimekwenda na shemeji. Sikumwalika, alisema naye zake zimechoka.

Muuzaji ni dada mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Alituketisha akatufundisha. Ubonyeze soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama jiwe, irudishe. Utazame mistari yake: iwe ya kupinda pinda kama mifupa ya samaki, maana uwanjani mtu haendi mbele tu, anageuka na kurudi. Soli iwe bapa na pana. Halafu uvae, ufunge kamba, usukume mguu kwenye vigae. Ikilia, inashika.

Shemeji alibonyeza soli za duka zima kama mtu anayechagua maparachichi. Aibu niliona mimi. Mwishowe akachukua raba za rangi ya tope. Za tope! Alizijaribu kwenye vigae, zikalia kwii, akatabasamu kama aliyejibiwa barua.

Mimi nilikuwa nimeshaziona zangu. Rafu ya juu, chini ya taa yao peke yao. Nyekundu, zina mabawa ya dhahabu kwenye vifundo, na soli ng'aavu kama kioo. Ungeweza kusoma gazeti lililo ng'ambo yake. Dada akasema hizo ni za kuvaa kwenye sherehe. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, michezo naijua. Akaniomba basi nizijaribu kidogo tu kwenye vigae. Nikakataa. Raba kama hizi hazikanyagishwi ovyo.

Njiani watu waligeuka kunitazama. Shemeji hakutazamwa na yeyote. Tayari naongoza.

Jumatano, 5 Juni

Mazoezi. Kabla ya filimbi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote. Hata mhasibu alishuka kutoka ofisini kuyagusa mabawa.

Halafu mpira ukarushwa. Nikaukimbilia, nikataka kusimama. Raba hazikuwa na habari hiyo. Niliupita mpira, nikampita Kocha, nikatokea kwenye mlango ambao mtu fulani aliuacha wazi, nikajikuta nje kati ya mapipa. Niliporudi, nafasi yangu alikuwa amepewa mhasibu, na viatu vyake vya ofisini.

Shemeji muda wote: kwii, kwii, kama panya aliyebanwa. Anakimbia, anasimama palepale anapotaka. Baadaye akaniambia kwa upole kwamba duka linabadilisha raba ambazo hazijachakaa. Mbele za watu! Nikamjibu kwamba raba mpya zinahitaji kuzoeana na sakafu.

Jioni nikapata akili. Soli hazina hata mstari, basi zikwaruzwe! Nikachukua kikwangulio cha karoti cha mke wangu, nikakwangua mpaka mkono ukafa ganzi. Soli haikupata hata alama. Kikwangulio kimepinda meno. Wakati wa chakula mke akauliza mbona karoti zinanuka mpira. Nikasema huenda ni mbegu mpya.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe amefika alfajiri na begi lililomzidi kimo. Baada ya shikamoo na marahaba, jambo la kwanza akaomba kuziona raba za nguzo. Akayapapasa mabawa, akasema zinapendeza kuliko viatu vyote vya marehemu baba mkwe. Mwanamke mwenye macho. Kisha akauliza kama zinashika. Nikamwambia zinanata kama soda.

Soda! Neno lilinitoka kabla ya akili, akili ikalifuata mbio. Soda ikimwagika mezani, bilauri hainyanyuki. Nikaimimina chupa nzima kwenye sinia, nikazisimamisha raba humo, kisha nikaziacha uani zikauke. Mchana nikazipitia.

Kwenye mazoezi, maajabu. Kila hatua: pwa, pwa. Nasimama kama mti. Kocha akatikisa kichwa kwa kuridhika. Shemeji akaniangalia mara mbili.

Hapo kitu kikaniuma kwenye kidole. Halafu kwenye kisigino. Halafu kote.

Sisimizi. Wale wekundu. Ukoo mzima ulikuwa umehamia ndani ya raba kufuata sukari, na mimi nilikuwa nimeikanyaga nyumba yao. Nilikimbia kama sijawahi kukimbia. Niliruka, nilizunguka, nilimpokonya shemeji mpira bila kukusudia, nikapenya katikati ya mabeki wote na kuutupa mpira popote ili mikono ipate nafasi ya kujikuna. Ukaingia kikapuni.

Kocha akasimamisha mchezo. Akawaambia wote kwamba tangu aanze kufundisha hajaona mtu mwenye uchu wa mpira kama mimi, na kwamba Jumamosi naanza. Naanza! Nikaomba ruhusa ya kutoka, nikaendelea kukimbia mpaka kwenye bomba la nje.

Sijamwambia mtu. Mama mkwe amefurahi sana. Ila miguu imevimba, na soda sirudii. Nahitaji kitu cha kudumu.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekipata. Kimekuwa mikononi mwangu miaka yote hii!

Tunatengeneza rangi ya ngazi. Ina mchanga laini ndani yake, ili watu wasiteleze ngazi zikiloa. Mimi mwenyewe ndiye ninayeukoroga huo mchanga. Mtunza ghala akanipa mabaki ya kopo, nikamwambia ni ya kibarazani. Kopo limeandikwa kwamba rangi iachwe siku nzima na usiku wake kabla ya kukanyagwa. Hayo ni maelekezo ya watu wa kawaida.

Jioni nikapaka soli mkono wa kwanza, mnene. Nikapaka wa pili. Rangi ikabaki kidogo, nikaona isipotee, nikapaka wa tatu. Nikaziweka dirishani.

Mke akasema duka bado liko wazi, tungeweza kwenda kubadilisha. Mara shemeji naye kapiga simu, anajitolea kunipeleka. Huruma zote hizi za nini? Ananiogopa. Mtu asiye na hofu hapigi simu.

Jumamosi, 8 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Watu wa mikate walikuja wamevaa nyeupe tupu, na makreti ya mikate ya kuwapa mashabiki. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele, kitambaa kipya kichwani, akimweleza jirani yake nguzo ni yupi. Raba nilizibeba mkononi mpaka mlangoni. Nilipozivaa na kukanyaga sakafu, ziliing'ata. Sikuamini. Nilitaka kulia.

Kocha akatuita mduara wa katikati atupe maneno mawili. Maneno mawili ya Kocha ni hotuba. Ukumbi ulikuwa wa moto, watu wengi, madirisha madogo. Tukasimama, tukamsikiliza mpaka akamaliza. Filimbi ikalia. Wenzangu wanne wakakimbia. Na mimi nilikimbia, kuanzia kiunoni kwenda juu.

Raba zilikuwa zimegandana na sakafu. Rangi yetu ilikuwa imekutana na rangi yetu. Kwenye makopo tunajisifu kwamba zikishikana haziachani, nami sasa nathibitisha kwamba ni kweli. Mwamuzi akaniambia nisogee. Nikamwambia nalinda katikati. Watu wa mikate wakawa wananizunguka kama magari yanavyozunguka mnara. Mwishowe nikafungua kamba, nikatoka na soksi. Raba zikabaki zimesimama zenyewe, mabawa yamekunjuliwa.

Mchezo ukasimamishwa. Kocha akavuta, shemeji akavuta, akaja hata mchezaji mmoja mrefu wa mikate, ambaye kazi yake ni kukanda unga, mikono kama mapaja. Zikang'oka bila soli. Soli zenyewe mpaka sasa ziko katikati ya uwanja, kama nyayo za mtu aliyepaa.

Nikakaa benchi na chupa za maji. Ukumbi wote ulikuwa unacheka, mpaka mwamuzi. Mama mkwe hakucheka. Aliacha kuutazama mchezo akawa ananitazama mimi, kitambaa kimemteremka. Heri angecheka.

Mchezo ulipokaribia kuisha tulikuwa nyuma, ingawa si kwa aibu ya mwaka jana. Hapo shemeji akapata faulo yake ya mwisho, akatolewa. Alikuja akakaa karibu yangu, jasho linamtiririka. Nilingoja anicheke. Akainama, akafungua kamba za raba zake za tope, akaniwekea mapajani.

Nikamwambia haiwezekani, ni zake, tena ni kubwa kwangu.

"Vaa, shemeji," akasema. "Mama hakuja kunitazama mimi."

Akavua na soksi zake ili nizivae juu ya zangu, raba zisipwaye. Zilikuwa za moto na zimeloa. Nikafunga kamba.

Kocha alinitazama, akatazama miguu yangu, akaniingiza.

Hatua ya kwanza: kwii.

Jamani. Nilikimbia, nikasimama. Nilisimama pale nilipotaka! Nikakimbia tena, makusudi, ili nisimame tena. Nikageuka kulia, mguu ukakubali. Kushoto, ukakubali. Kocha alikuwa ananipigia kelele kwamba mpira uko upande wa pili, lakini sikuwa na haraka, nilikuwa naifahamu dunia upya.

Kisha mpira ukanijia. Mkanda unga akaja kwa kasi ya lori. Nikafanya kama naondoka, nikasimama. Yeye hakuwa na namna ya kusimama. Alinipita, uso umejaa mshangao, akaelekea kule kwenye ndoo ya maji. Njia hiyo naijua. Nikabaki peke yangu chini ya kikapu. Nilipata hata nafasi ya kumtazama mama mkwe. Nikarusha. Mpira ukagonga ubao, ukazunguka chuma, ukafikiria, ukaingia. Filimbi ya mwisho.

Tulifungwa. Sipendi kulirefusha hilo.

Lakini mama mkwe, kwa anavyoujua mchezo huu, anayefunga wa mwisho ndiye mshindi. Alishuka uwanjani anacheza, vigelegele, akanikumbatia mpaka mgongo ukalia. Kisha akamwendea mkanda unga, ambaye alikuwa anakamua maji fulana yake, akamshika mkono.

"Usihuzunike, mwanangu," akamwambia. "Na nyinyi mtashinda siku moja."

Yule bwana akautazama ubao wa pointi. Akamtazama mama. Akasema asante, mama, tutajitahidi. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, wote, kama walioambizana. Nimewapenda watu wale.

Tukafungua makreti, tukala mikate timu zote mbili, tumekaa sakafuni kuzizunguka soli zangu. Shemeji alikuwa miguu mitupu, anacheka hadi machozi, na mimi nacheka naye. Mama mkwe aliketi katikati yetu, anatugawia kila mmoja. Sijawahi kufungwa kwa raha namna hii.

Jumapili, 9 Juni

Shemeji amenishauri ninunue raba kama zake. Kocha amesema hivyo hivyo. Mkanda unga naye, wakati wa kuagana. Nimekubali. Mtu lazima ajifunze.

Mchana nimekwenda dukani na mke wangu. Yule dada akaniletea za rangi ya tope, saizi yangu kabisa. Nikabonyeza kwa kidole gumba: laini. Nikatazama mistari: mifupa ya samaki. Nikajaribu kwenye vigae: kwii. Mke akanitazama kwa jicho ambalo sijaliona tangu tuoane. Mkono wangu ukaenda mfukoni.

Nikaziona dirishani.

Zinawaka! Taa kwenye kisigino, kila ukikanyaga, bluu, halafu kijani, halafu zote. Nani atamkaba mtu anayemulika? Beki ataangalia taa, mimi niko kikapuni. Dada akasema kwa kawaida hizo ni za watoto, ila kuna jozi moja ya mtu mzima, imerudishwa na mwenyewe. Moja! Ilikuwa inaningoja mimi.

Mke alitembea nami mpaka kona ya nyumbani. Hapo akauliza, taratibu, kama nimeziangalia soli.

Nilimhurumia. Nikamwambia soli iko chini, nani ataiona?