Simu Zimeonana, Sisi Bado

Busitema, Jumatatu

Kwa mwanangu Vincent,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa Kiswahili ili mkeo Marion naye asome, maana ukisoma peke yako utasema hukuelewa.

Nashukuru kwa ule mfumo wa blokcheni uliotuwekea, baada ya wewe na dada yako Ritah kugombana ni nani huja kumwona mama. Ulinieleza vizuri: simu mbili zikikaribiana, zinaandika kwamba wenyewe wameonana, na maandishi hayo yanatunzwa kwenye kompyuta nyingi, hata hakuna awezaye kuyafuta. Sasa naleta malalamiko yangu, kwa heshima.

1. Jumamosi ulivuka mpaka, ukagusisha simu yako na yangu, ukasema, "Mama, imekubali!" ukapanda bodaboda. Kuku alikuwa bado anachemka. Habari za mguu wangu ikabidi nimsimulie huyo kuku.

2. Ritah amegundua simu inashika hata kutoka barabarani. Siku hizi hashuki kwenye pikipiki. Anapunga mkono, nami napunga, basi, tumeonana.

3. Mumewe, Elvis, alimpa mtu wa bodaboda simu yake ailete. Nilimkaribisha yule kijana, nikampa chai, tukaongea mpaka nikajua majina ya watoto wake. Mfumo umeandika kwamba mkwe wangu alikuja. Kusema kweli, sijawahi kupata mkwe mzuri kama huyo.

4. Kwa hiyo simu yangu nimemkabidhi jirani Elinah, ambaye hatoki nyumbani. Mje kwake. Mimi nitakuwa shambani napalilia mihogo. Na nikifa msihangaike: iwekeni simu juu ya jeneza, zenu zipitishwe karibu, itaandikwa kwamba mlinizika.

Ombi langu ni dogo. Mfumo usikubali mpaka mtu amekaa, amekula, na ameulizwa maswali asiyoyapenda. Kama kompyuta zote hizo haziwezi, uzime.

Nisalimie Marion, wajukuu, na kila anayeniulizia huko Busia ya Kenya.

Ni mimi mama yako, mguu bado unauma,
Nasirumbi

Tanbihi: Usizime kwanza. Kabla sijaituma barua hii, leo jioni baada ya ibada, jirani yetu Achola, ambaye wanawe nao wamemwekea mfumo kama huu, alisimama mbele ya akina mama wote akatuonyesha kwenye simu kwamba hakuna mzazi hapa Busitema anayetembelewa na watoto wake kumshinda yeye. Tafadhali piteni kesho, wewe, Ritah, na hata yule wa bodaboda. Msishuke. Kula mtakula siku nyingine.