Kijiko Kimoja cha Mtindi kwa Karani

Jumatatu, 2 Machi

Daftari, salamu nyingi. Hujambo? Wa nyumbani hawajambo? Swali la kijinga, nyumbani kwako ndiko kwangu. Mimi mzima, namshukuru Mola, isipokuwa goti la kushoto na upweke. Vyote viwili nimeshavizoea. Nakuandika kuanzia nyuma. Kurasa zako za mbele zina mwandiko wa marehemu mke wangu, na mwaka mmoja na miezi miwili sasa sijathubutu kuzifungua. Usinune.

Binti yangu amepiga simu. Anakuja Jumapili ya tarehe 15 kumkagua Karani. Karani ni mbwa wa marehemu. Aliitwa hivyo kwa sababu hukaa mlangoni na kumtazama kila mteja kana kwamba atamdai kitambulisho. Mwaka jana nyasi za uwanjani zilipotoa maua alijikuna mpaka tumbo likawa kama la kuku aliyenyonyolewa. Binti hajasahau.

"Baba, nikimkuta na vidonda tena, namchukua," alisema. "Namhamishia kwa mama mdogo. Safari hii sitanii."

Kwa mama mdogo kuna sakafu ya vigae na uzio. Kwangu kuna mimi tu. Karani akiondoka, nitamwambia nani chakula tayari?

Nikaenda mbio kwa daktari wa mifugo. Akasema kwa baadhi ya mbwa, tumbo likitulia na ngozi hupata nafuu, ila matayarisho huanza mapema, kabla ya maua. Kijiko kimoja cha mtindi usio na sukari kila asubuhi. Baada ya wiki kadhaa, kijiko cha boga la kuchemsha. Kitu kimoja kimoja, kidogo kidogo, na nisitarajie kitu kabla ya wiki sita. Akauliza analala wapi. Nikamjibu kwa fahari kwamba analala kama bibi harusi. Akataka kuendelea, nikamwahi kwa kumshukuru.

Nina siku kumi na tatu. Nimepiga hesabu. Kijiko kimoja, wiki sita. Basi vijiko sita, wiki moja! Shule niliishia darasa la saba, lakini hesabu haijawahi kunitupa.

Jumatano, 4 Machi

Vijiko sita vya mtindi. Boga bakuli zima, maana kusubiri wiki kadhaa ni mambo ya watu wenye wiki. Nikaongeza mafuta ya samaki kwa akili yangu mwenyewe. Karani alikula huku akinitazama kama mtu anayetia saini asichokisoma.

Mimi ni fundi makochi. Mkono wangu haujui kukaa bure. Nimemshonea godoro jipya, nikalijaza sufi niliyoichomoa kwenye makochi ya zamani ya wateja. Sufi ya miaka ishirini hiyo, laini kama wingu, vumbi lake tu ndilo hukohoza. Tumbo nimelihudumia, mgongo nao upate haki yake. Nililala na moyo mweupe.

Alhamisi, 5 Machi

Siku nyeusi. Karani ameharisha. Si uani. Si barazani. Ni juu ya kochi la mwalimu mkuu mstaafu, mahameli ya rangi ya maziwa, niliyomaliza kuipigilia jana jioni.

Nikasugua. Doa likatanuka kama habari mbaya. Nikaugeuza mto chini juu, nikamwomba Mola asiuhesabu huo kuwa uongo, maana upande wa pili nao ni mto. Mwalimu mkuu akafika saa tatu kamili. Huyu mama ni mtu wa kusoma hata nyuma ya kalenda. Aliugeuza mto kabla hajajibu salamu yangu. Kisha akaniuliza, kwa ile sauti iliyonyamazisha madarasa arobaini, kama hicho ndicho kitambaa alichokichagua. Nikasema gundi haijakauka. Akasema gundi hainuki hivyo.

Kochi limebaki kwangu mpaka nilivishe upya. Karani amejificha chini ya cherehani. Hatukusemeshana mpaka jioni.

Jumamosi, 7 Machi

Dobi, jirani yangu, ana mbwa anayeng'aa kama kiatu cha askari. Hajikuni msimu wowote. Haiwezekani bila siri. Leo nikabeba shati safi, nikalipeleka lifuliwe, ili nipate kupeleleza.

Dobi akalinusa, akauliza shati hili limekosa nini. Nikaleta mazungumzo ya mbwa kwa mbali, kama mtu anayeulizia hali ya hewa. Akacheka, akasema jana amemsikia Karani.

"Fundi, mbwa wako anapiga gitaa usiku kucha," alisema. "Bado kuimba tu."

Kisha akauliza lini nitamletea tena shuka la Jumamosi. Nikajua ni tamaa ya biashara tu. Shuka gani? Alipogeuka kuchukua makaa ya pasi, nikachota konzi ya chakula kwenye bakuli la mbwa wake, nikatia mfukoni, nikaaga.

Karani hakukitaka. Aliyekitaka ni mwenyewe, mbwa wa dobi, aliyekuwa amenifuata nyuma nyuma pua ikiwa mfukoni mwangu, mpaka ndani. Dobi alikuja kumchukua. Alinikuta nimesimama juu ya stuli, suruali imechanika mfuko. Aliguna tu, na guno lile nimelibeba mpaka kwenye sala ya jioni.

Jumanne, 10 Machi

Karani amekonda. Anajikuna shingo, anajing'ata miguu, na sasa tumbo lina uwekundu. Nyasi za uwanjani hata maua hazijatoa. Nikambeba mpaka kwa daktari.

Daktari alinisikiliza habari ya vijiko sita, kisha akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nimeambiwa niache kila kitu. Wali mweupe na kuku wa kuchemsha bila chumvi mpaka tumbo litulie, kisha nianze upya, kijiko kimoja. Alikitoa kijiko mezani akanionyesha, kama vile sijawahi kukiona. Akauliza tena analala wapi. Nikasema kwenye godoro zuri kuliko langu. Akasema mzee, hakuulizia uzuri, ameulizia kilichomo ndani.

Hapo nikaona anaingilia ufundi. Mimi simfundishi kudunga sindano.

Ila maneno yake yalinisumbua njiani. Pengine godoro ni gumu, ndiyo maana Karani hapati usingizi. Nimeongeza sufi, nusu gunia. Alipiga chafya mara tisa. Nikamwombea heri kila mara.

Ijumaa, 13 Machi

Tumbo halina manyoya. Upara wa ukubwa wa sahani, na kidonda pembeni. Nimeketi naye sakafuni nikimshika mguu asijikune. Nikiuachia, gitaa. Nikiushika, ananitazama. Marehemu alikuwa akimshika hivi hivi, akimwimbia polepole. Mimi sauti sina. Nilimsomea dua ya mgonjwa, japo sijui kama inafika kwa mbwa. Nikaona heri izidi kuliko ipungue.

Kesho kutwa binti anafika. Kwa kuwa ngozi imekataa kupona, itabidi isionekane. Nimekata mahameli ya mwalimu mkuu, ile sehemu isiyo na doa, nikamshonea Karani koti. Vifungo vinne tumboni. Limekaa vizuri ajabu. Katika maisha yangu sijapata kushona kitu kizuri hivi kwa sababu mbaya hivi.

Jumapili, 15 Machi

Nimetoka ibadani nikamkuta binti mlangoni. Karani alimlaki kwa koti. Binti akauliza kwa nini mbwa amevaa kochi. Nikasema baridi. Jasho lilikuwa linanitiririka mpaka kidevuni.

Vifungo vinne aliviondoa kwa muda wa kusema amina. Alilitazama tumbo, hakupiga kelele. Laiti angepiga. Akaingia chumbani, akalipekua godoro, akatoka na sufi mkononi na vumbi kwenye nywele. Kisha akauliza daftari la mama liko wapi. Nikakuleta. Alikufungua kwa mbele, Daftari, upande ule nisiougusa, akasoma kwa sauti:

"Karani. Mwezi mzima kabla ya maua, mtindi kijiko kimoja asubuhi. Boga baadaye, kijiko kimoja. Alale kwenye shuka la pamba, liende kwa dobi kila Jumamosi. Sufi ya kazini isiingie chumbani, ndiyo inayomwasha zaidi. Mzee asiambiwe, atazidisha."

Mwandiko wake ule ule, ile "z" yenye mkia. Nilijiondokea kwenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Dobi alikuja na shati langu. Akasema kila Jumamosi kwa miaka saba alifua shuka la Karani, na marehemu ndiye aliyemfundisha habari ya kijiko kimoja kwa mbwa wake. Nikamuuliza kwa nini hakunieleza. Akasema alidhani nitauliza kwa mdomo wangu, siyo kwa mfuko wangu.

Binti amemchukua Karani akae kwa mama mdogo mpaka maua yapite. Miezi miwili, kisha ataangalia. Aliniacha na shuka moja la pamba mkononi, akasema nijifunze kwalo. Karani alisimama kwenye kizingiti, akanitazama kwa muda mrefu, mpaka binti akamwita mara ya pili.

Jumatatu, 16 Machi

Nimekesha nikitafakari, na yote yamenikaa akilini. Kosa langu nimeliona. Shuka!

Leo asubuhi nimenunua mashuka kumi na mawili. Kama moja kwa wiki lilimfaa, kumi na mawili yatamfaa zaidi, na nimeyatandika yote, moja juu ya jingine. Mtindi nao nimeagiza ndoo. Jumamosi nitaupeleka kwa mama mdogo nimmezeshe miezi miwili yote kwa pamoja, tusirudi rudi kwa jambo dogo. Kijiko kimoja ni cha mbwa asiyependwa. Sufi nimeitupa yote, isipokuwa kidogo tu niliyotia kwenye mto wa kichwa. Kichwa si tumbo.

Mwalimu mkuu amekuja kuulizia mahameli yake. Nimemwambia imesafiri.

Daftari, nimekueleza yote bila kuficha. Mbele nimechungulia ukurasa mmoja tu, ule wa Karani, nikakufunga. Sasa wewe niambie, mashuka kumi na mawili yanatosha, au niongeze? Nyumba kimya, hata gitaa silisikii. Tafadhali nijibu mapema.